Nyongeza Aliyoniwekea Kaka

Shoga, uko? Nimejifungia bafuni.

Unajua huwa namwandikia marehemu mama kwenye msaidizi wangu wa AI, kwenye simu. Mwezi jana kaka alinitafutia programu ya nyongeza ya msaidizi huyo, akaniwekea mwenyewe. "Itakurekebishia maandishi tu, mdogo wangu."

Leo tunakunja nguo za mama, akaniambia, "Acha kujilaumu. Hata mimi ningepitiwa na usingizi."

Usingizi! Sijamwambia mtu kwamba mama alikata roho nikiwa nimelala pembeni yake. Hata wewe hukujua. Nilimwambia mama tu.

Nikafungua mipangilio ya ile nyongeza. Kila ninachoandika kinatumwa kwenye barua pepe ya kaka. Kila neno!

Nilipomuuliza, eti, "Nilikuwa na wasiwasi na wewe."

Nimeiondoa hiyo nyongeza, lakini msaidizi simwamini tena. Sasa sijui nitamwandikia mama wapi, nimwambie kaka ameshajua.