Siku Baba Masanja Aliposhuka Duarani

Geita, Jumapili, 1984

Leo ameshuka duarani, shimo la kuchimbia dhahabu, mpaka chini, akapanda mwenyewe bila kutetemeka. Baba Masanja huyu, tangu kifusi kimfukie mdogo wake mgodini, hakuweza hata kulisogelea shimo. Miezi miwili tumekwenda hatua kwa hatua, nikimfundisha kuvuta pumzi taratibu na kukaa na hofu yake bila kuikimbia. Katika utafiti wangu wa shahada ya uzamivu kuhusu tiba ya hofu, ndiye wa kwanza kupona kabisa. Kwa furaha nikamsindikiza nyumbani, nimpe mkewe habari.

Mama Masanja alikuwa akipukuchua mahindi. Akaacha.

"Kwa hiyo kesho anarudi kuchimba?"

"Ndiyo, mama. Hofu imemtoka."

"Mwanangu, hofu hiyo ndiyo iliyokuwa inanitunzia mume. Tulikuwa tunalima wote."

Baba Masanja akainamisha kichwa. Miezi yote hiyo sikuwahi kumuuliza mama yule neno.

Profesa wangu atayapenda matokeo haya. Mimi naomba tu magogo yanayoshikilia lile duara yasivunjike.