Mlinzi Anayeshusha Kisu

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Vidole vitatu! Ismaël, fundi cherehani wa Niboye, alikuwa ananyoosha jinzi kwenye mashine ya kukata vitambaa tuliyomuuzia, kisu kikashuka chenyewe. Leo mkewe, Mukandayisenga, kaja karakanani hapa Gisimenti, kamrushia bosi Gasana kitambaa chenye damu usoni. Gasana kamsukuma hadi mlangoni. Eti Ismaël alikuwa amelewa. Ismaël! Mtu wa swala tano! Mwanamke wa bima anakuja Ijumaa. Akimwamini Gasana, Ismaël hapati kitu na mashine zinaendelea kuuzwa. Programu inayoendesha kisu tuliiandika sisi; nitaikamata mwenyewe.

Jumanne, 16 Septemba

Debaga, ile programu ya kusaka makosa ndani ya programu nyingine, imekataa. Bodi ya mashine ni kompyuta ndogo ya Linux, haina tundu la mtandao — waya mmoja tu wa kuandikia amri. Basi debaga lazima ikae ndani ya bodi yenyewe. Nimeijenga kwenye laptop, nikaipeleka kwa flashi. Maktaba, yaani faili inazozitegemea, hazipo kwenye bodi. Nimeijenga tena, na maktaba zake zote tumboni. Haienei kwenye bodi! Nimefuta picha na muziki ambavyo Gasana aliviweka vitokee mashine ikiwaka, ikaenea. Ikawaka, ikafa palepale. Nimepiga meza ngumi hadi ngozi ikachubuka. Halafu nikaona: nimeijengea chipu ya aina nyingine. Mjinga mimi! Ningekuwa na nyundo karibu, hiyo bodi ingekuwa unga.

Jumatano, 17 Septemba

Imewaka! Inasoma programu mstari kwa mstari. Lakini kila nikiisimamisha programu, sekunde chache tu, bodi inajiwasha upya — na kisu, paa! Ni mlinzi huyo. Ndivyo tunavyoiita ile chipu inayowasha bodi upya programu ikinyamaza. Nimemtukana kwa Kinyarwanda, nikamalizia kwa Kifaransa cha marehemu baba. Nasimamisha — paa! Nasimamisha — paa!

Halafu nikaelewa.

Bodi ikiwaka, kisu hushuka kwanza kutafuta sifuri yake, yaani mahali pa kuanzia kupima. Hakiangalii kama kuna mtu. Sisi ndio tuliandika hivyo, maana karakanani huwa tunawasha meza ikiwa tupu. Nimejaribu jinzi nene: programu inakwama, mlinzi anaamka. Ismaël alikuwa na mkono pale.

Nimekimbia kwa Christella wa brochette, mchoma mishikaki wa jirani, nikaomba mguu wa mbuzi. Nikaulaza mezani. Mfupa ulikatika kama kitunguu. Nimetapika kwenye ndoo ya mabaki.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimemwonyesha Gasana. Kofi! Mdomo umevimba. "Ni weye ulisimamisha programu! Bila mukono yako mashine iko sawa." Kaagiza nifute debaga. Kesho ataweka mkono wake mwenyewe chini ya kisu, mama wa bima aone. Nimemwonya mara moja. Mara ya pili sina hamu.

Debaga sijafuta.

Ijumaa, 19 Septemba

Naandika gotini, nyuma ya laptop. Mama wa bima yuko mlangoni. Ismaël amekaa kwenye benchi, mkono umefungwa bendeji. Gasana amekunja shati, ameweka kiganja mezani, anacheka. Kaniambia niweke jinzi, nene kabisa, kama ile ya yule mulevi. Nimeweka.

Amri moja inamzima mlinzi, kisu kisishuke. Nimeshaiandika. Haijabonyezwa. Najua ninachotaka, na kinanitisha — nataka nisikie paa.

Mashine imeanza kuvuta jinzi.

Ismaël ananiangalia. Sijui kaonaje. Kanyanyuka, kaja nyuma yangu, kaona kioo cha laptop, kaona kidole changu. Kaninong'oneza: "Dada, zima hiyo kitu. Mukono iko mukono."

Mdomo bado unauma. Gasana anacheka. Naweka kalamu chini, nabonyeza.