Farasi Mwenye Mabawa

Baba Nabilah mpenzi,

Salamu zikufikie huko kambi ya jeshi Somalia. Hapa Ntinda mvua zimeanza, na asubuhi mawingu hushuka mpaka kwenye mapaa.

Mtazame farasi mwenye mabawa kwenye karatasi hii. Binti yako alimchora akiwa hospitali, na akina mama wa msikitini wanauza karatasi hizi za barua zenye mchoro wake kusaidia watoto wa wodi aliyolazwa. Nilimuuliza, "Mbona ana miguu mitatu?" Akajibu, "Anaruka, mama. Haimsumbui."

Kwenye simu nilishindwa kukuambia. Madaktari walimkata mguu mmoja kwa sababu ya uvimbe. Sasa anapona.

Jana aliota ameruka juu ya ziwa mpaka kwako. Anauliza kama ukirudi bado utambeba mabegani. Nimemwambia ndiyo.

Mkeo,
Mastula