Jina la Mama Kileleni

Leo Jumanne, 13 Januari. Asubuhi ukungu ulijaa mtaa wetu wa Deira, jengo la jirani halionekani. Rukiya, laiti ningebaki nyumbani.

Unamjua Sarita, Mnepali ninayekaa naye deski moja darasa la jioni la Kiingereza. Karudi kutoka likizo kwao, na leo alikuwa anasimulia safari yake kwa Kiingereza mbele ya darasa. Alipanda kilima chenye hekalu la Kihindu na mnara wa Kibudha, nyuma yake milima ya theluji. Picha zapendeza, wallahi.

Mimi nikasema kwa sauti, "Astaghfirullahi, masanamu haya." Nikachukua mkoba, nikatoka.

Nikatoka, Rukiya. Watu wote wananitazama.

Adib, mwanafunzi mwenzetu, akanifuata kwenye ngazi. "Dada, rudi uone picha ya mwisho."

Nikarudi. Kitambaa cha maombi, kama bendera ndogo, kimefungwa kileleni, kimeandikwa jina la mamangu. Si niliwaomba darasa zima wamwombee kabla ya upasuaji? Sarita alikumbuka.

"Ulisema anaumwa," akaniambia. Basi.

Uso niuweke wapi? Nikasimama mbele, mwalimu na wenzangu wakisikia. "Sarita, nisamehe. Leo kwenye sala ya Isha nitamwombea mama yako. Niambie anaitwa nani."