Siiuzi Pikapu Yetu ya Otomatiki

Mdogo wangu mpendwa Hassan,

Amani ya Mola iwafikie huko Takaba, wewe na mama. Vipi hali yako? Na magoti ya mama, yanamruhusu kusujudu sasa, au bado anasali akiwa ameketi? Sisi hapa Garissa ni wazima, alhamdulillahi, ni joto tu.

Yule mchuuzi wa mbuzi alinifikishia maneno yako: eti niiuze pikapu, kwa kuwa wewe uko mbali na hapa hakuna fundi anayethubutu kugusa giaboksi ya otomatiki. Unaona umeniachia mzigo. Walaal, ndugu yangu, nimekaa na maneno hayo moyoni, na leo baada ya alasiri nimeona nikujibu mwenyewe.

Unakumbuka tulipoileta kutoka Dadaab, imeshachakazwa na wageni wa mashirika, wanaume sokoni walivyocheka? Dizeli isiyo na klachi! Wakasema hilo ni gari la mtu wa mguu mmoja. Wewe kila asubuhi uliwasha injini, ukaiacha ipate joto, ukakanyaga breki na kupitisha gia zote polepole, ukisoma Fatiha. Ndipo ukapima oili ya giaboksi, injini ikinguruma. Mimi nilidhani ni mzaha wako, maana oili ya injini sote tunaipima gari likiwa limezimwa.

Lakini siku ninayojivunia zaidi ni ile pampu ya dizeli ilipotufia karibu na Modogashe. Tulikuwa akina mama wa maziwa nyuma, madumu ya maziwa ya ngamia yamejaa, jua linachoma. Lori la mbuzi likasimama, dereva akatoa mnyororo atuvute hadi Garissa. Tukamshukuru Mungu. Wewe ukasema asubiri, lazima kwanza ufungue propela, kile chuma kirefu kinachounganisha giaboksi na magurudumu ya nyuma. Akashika kiuno.

"Gari gani hili, halisukumwi likawaka, halivutwi? Ni bibi harusi?"

"Bibi harusi haburutwi," ulimjibu, tayari uko chini ya gari.

Akina mama wakanung'unika kwamba maziwa yatachacha. Ukatueleza kutoka huko chini, mchanga mdomoni, kwamba injini ikilala hakuna wa kusukuma oili ndani ya giaboksi. Magurudumu yakizunguka, vyuma vitasagana vikavu. Sikuelewa yote, ila nilikujua. Nikafungua kamba ya madumu nikakupa, ukaifungia propela isiburute chini. Yule dereva alilalamika weee, mwisho akalala chini naye aone unafanya nini. Maziwa yalichacha kweli, tukayauza kama susa, maziwa ya kuchachuka. Giaboksi ilifika nzima, na mpaka leo inatulisha.

Sasa sikiliza. Juzi alikuja mfanyabiashara mmoja, amesikia tunauza. Akachomoa kijiti cha kupimia gari likiwa limezimwa, akaona oili imepita alama, akaagiza dereva wake aipunguze. Nikamwambia, abti, mjomba wangu, washa kwanza. Akaniuliza tangu lini wauza maziwa wakawa mafundi. Hata hivyo aliwasha. Tukaiacha ipate joto, nikapanda mimi mwenyewe, mguu kwenye breki, nikapitisha gia moja moja na Fatiha yangu. Alipopima tena, oili ilikuwa palepale kwenye alama. Kama angeipunguza, angeiua kabla haijafika Modogashe.

"Nani alikufundisha?"

"Mdogo wangu."

Wallahi, Hassan, sijawahi kulitamka neno hilo kwa sauti kubwa vile, hata waliokuwa wanapita wakageuka. Kisha nikamwambia haiuzwi. Usiseme tena umeniachia mzigo. Uliniachia kazi ya halali na akili ya kuilinda, na namshukuru Mungu aliyenipa ndugu mwenye subira kama yako.

Ila kuna jambo moja silijui. Oili ya giaboksi imeanza kupoteza wekundu wake. Nimeinusa, hainuki kuungua, lakini imeingia weusi. Niimwage yote, au nibadilishe nusu kwanza? Fundi wa hapa anasema yote, na mimi simwamini. Nimewaeleza akina mama, nao wamekubali kupanda malori na madumu yao, pikapu ipumzike mpaka tusikie kutoka kwako.

Tafadhali nijibu upesi.

Ni mimi,
dada yako