Kiti Ulichomchongea Gavana

Baba yangu,

Tangu tulipokuzika sijakuandikia, maana ulituambia aliyelala asisumbuliwe kwa mambo madogo. Hili si dogo. Juzi watu watatu walitoka Fizi wakaja hapa Baraka kuchukua kile kiti.

Unakumbuka kilivyoanza. Gavana wa Bukavu alikuwa anapita, na mwami, chifu wetu, akataka apokewe kama mkubwa anavyopokewa kwetu: apewe kiti kipya ambacho hakijakaliwa na mtu. Akakuagiza wewe, kwa sababu viti vya wazee kuanzia Swima hadi Nundu vilitoka mikononi mwako. Ulichonga wiki tatu, gogo moja la mvule, bila kiungo wala msumari. Kazi yangu ilikuwa kukipaka mawese mpaka king'ae. Kilikuwa kifupi, hakina mgongo, nami nikakuuliza kama mzungu mwenye miguu mirefu atakiweza. Hukuinua hata kichwa.

"Mukubwa anaikalaka karibu na udongo," ukasema. "Anajua ni kule atarudia."

Siku yenyewe gavana alishuka garini, askari wake akamkunjulia kiti cha turubai, akakaa. Kisha akakiona chako, akakivuta, akaweka juu yake viatu vyake viwili. Sidhani alikuwa na ubaya; alidhani ndiyo kazi ya kiti hicho. Mwami akatazama ziwa. Hakuna aliyemweleza, hata mkalimani. Nawe ulikuwa mstari wa mbele, na shati lako jeupe.

Ulikirudisha nyumbani kichwani, ukakiosha, ukasema asikikalie mtu mpaka aje gavana anayejua kiti ni nini. Watu wa Baraka hawamhurumii aliyeaibika. Walikupa jina la Fundi wa Miguu, na hata wajukuu wa wazee uliowachongea wakakuita hivyo. Ukaweka tezo chini, ukalima mihogo. Ulicheka pamoja nao, lakini mimi nilikuwa naona. Jina hilo lilikuchoma, baba, na umekufa nalo.

Sasa nikupe habari. Siku hizi maneno yote ni ya uhuru. Inasemekana jimbo litakatwa, kando hii ya ziwa iwe jimbo jipya, na gavana wake awe mtoto wa hapa hapa. Wale watatu walikuja kwa ajili hiyo. Mkubwa wao ni mwalimu, mtu mwenye adabu. Alivua kofia, akamsalimia mama, akasema gavana wetu akipatikana hatakosa kiti cha Fundi. Fundi tu, miguu hakuitaja. Nilisikia raha ambayo sikuwa nayo tangu siku ile ya viatu.

Mama alikuwa amekikalia, anamenya mihogo. Ndiyo, baba, hilo nilikuficha. Amekikalia tangu matanga yako yalipokwisha, na nilipomkumbusha katazo lako alinijibu kwamba magoti yake hayangoji gavana. Lakini juzi aliinuka, akakipangusa kwa kikwembe alichojifunga, akawapa.

Nikauliza, kwa furaha tu, kitawekwa wapi.

"Gavana atakuwa na fotei kubwa, ya mugongo," mwalimu akasema. "Hii tutaiweka chini ya miguu yake, sawa ule wa kwanza. Nilikuwa pale, niliona. Ilikuwa inapendeza sana."

Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Mama alinyoosha mikono, akakichukua, akakirudisha pale pale, akakaa. Akashika kisu chake.

"Mumusalimie gavana," akasema.

Waliaga, wakaenda. Jina lako sikulisafisha, baba, na hilo linaniuma, nilikuwa karibu. Lakini kiti kiko nyumbani, na mwenye kukikalia anajua ni nini. Pumzika.

Ni mimi, binti yako wa mawese.