Gurudumu la Kushoto, Njia ya Gilo

Hai Amarat, Juba

Dada Wakesho,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha goti lako la kulia, ambalo naambiwa limeanza tena kukusumbua kwenye matuta ya shamba. Ile dawa ya kuchua niliyompa yule mama aliyekuja likizo ilikufikia? Na Baba bado anasikia kwa lile sikio moja? Mimi ni mzima wa mwili, ila mkwaruzo kwenye paji la uso ambao umeshakauka. Mengine si mazima, ndiyo maana nimechukua karatasi badala ya simu. Kwenye simu ungeniuliza swali moja nami ningekujibu kwa hotuba. Unanijua.

Wiki mbili zilizopita ofisi ilitutuma kwenye milima ya Imatong, mashariki mwa Juba, karibu na mpaka wa Uganda. Wewe unazijua zile kona za kupanda Wundanyi kutoka Mwatate. Basi ziondolee lami, ziondolee kingo, zinyeshee mvua wiki nzima, kisha uzipandishe mpaka mtu avae koti saa sita mchana. Tulikuwa tunapeleka chanjo za watoto katika kijiji kimoja juu ya Gilo. Akina mama walikuwa wameshaambiwa siku, na wengine walianza kutembea na watoto mgongoni tangu jana yake.

Tulikwenda na Landkruza mbili. Ya mbele aliiendesha Ohide. Nimewahi kukutajia huyu: kwao ni huko huko upande wa Torit, lakini mama yake alikimbia naye vita akiwa mchanga, akalelewa Kitale, na Kiswahili chake ni cha Kitale mpaka leo. Ni mtu mzima, ana mke na watoto wanne. Hunitania kwamba mimi ni mwalimu niliyefukuzwa shule nikaja kufundisha magari, na hajakosea sana. Mimi ndiye msimamizi wa magari, na ndiye ninayewafundisha madereva njia mbaya. Tena ni mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi, kwa kuwa popote niendapo watu hunisikia nikigomba wakadhani huko ndiko kuongoza. Nilikaa mbele kando ya Ohide. Nyuma alikaa muuguzi wetu, Keji, na masanduku ya baridi yenye chanjo.

Nikueleze jambo moja la magari haya, ndipo uelewe lililotokea. Kwenye barabara nzuri gari husukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Mkifika mlimani, mtu hushuka na kuzungusha kwa mkono kufuli ndogo iliyo katikati ya kila gurudumu la mbele, ya kulia na ya kushoto. Tunaziita habu. Ukizifunga zote mbili, magurudumu yote manne yanavuta. Ukiacha moja wazi, nguvu yote ya mbele inapotelea hapo, na gari linabaki kusukumwa na nyuma. Kwetu dereva haachi usukani, ambao huku uko kushoto. Mguu wake unabaki kwenye breki. Abiria wa mbele ndiye anayeshuka, anafunga ya kulia, anazunguka, anafunga ya kushoto, kisha anapiga boneti makofi mawili. Dereva akiyasikia hayo makofi anaondoka, haulizi. Utaratibu huo niliutunga mimi. Na mwaka jana nilimfokea Ohide mbele ya wenzake kwa sababu aliuliza.

Tulipita Katire, pale chini ya mlima, na mwinuko wa kwanza mkali ukasimama mbele yetu kama ukuta. Gari la pili lilibaki chini kutusubiri, kwani hayapandi mawili kwa pamoja. Tangu Torit mimi na Ohide tulikuwa tunabishana. Alisema babu yake alimsimulia kwamba zamani, wakoloni walipokuwa wakikata mbao huko juu, malori yalipanda njia hii bila kukwama. Maneno hayo yaliniwasha. Nikashuka nikiwa katikati ya jibu. Nikafunga habu ya kulia. Nikazunguka hadi dirishani kwake, nikamwambia kwamba barabara ya kuteremshia mbao za watu haijawahi kuwa barabara ya watu, na kwamba hata sisi wa misaada tunapita hapa kama wale wa mbao: tunachimba mashimo kwa magurudumu yetu, tunarudi Juba kuandika ripoti.

Ohide akacheka. "Sasa Mwalimu, hiyo barabara tuitengeneze na mdomo?"

Keji naye akacheka kule nyuma. Unajua ninavyochukia jibu zuri likitoka kwa mtu mwingine. Nikamtolea maelezo mengine marefu, yenye historia ya nchi tatu, mpaka akainua mikono kusema basi, kalas. Nikajiona mshindi. Nikapiga boneti makofi mawili, nikarudi kukaa.

Tulipanda vizuri mpaka zaidi ya nusu. Kisha matope yakawa mekundu na laini, gari likaanza kukoroma mahali pamoja, na kabla sijauliza kitu tukawa tunarudi nyuma. Ohide alishika usukani kwa mikono yote miwili akitazama kioo cha kando, na katika zile pumzi chache alichagua mti. Upande mmoja kulikuwa na bonde ambalo chini yake sikukuona. Upande wa pili kulikuwa na mti mnene wa msaji. Akaupeleka mgongo wa gari kwenye ule mti.

Keji alivunjika mkono. Masanduku mawili ya chanjo yalipasuka. Ohide alikuwa wa kwanza kutoka. Alikimbilia nyuma kumtoa Keji, nikamsikia akimwambia kwa Kiarabu cha Juba, "Malesh, malesh," yaani pole, pole, kwa sauti ile mtu anayoitumia kwa mtoto wake. Mimi nilizunguka mbele. Nikatazama habu ya kushoto. Alama ilikuwa upande wa wazi.

Dada, nilipiga magoti kwenye yale matope nikaifunga.

Sikufikiri, lakini sitajificha hapo, maana mkono haukutetemeka. Ohide alikuwa amembeba mgonjwa, na mimi nilikuwa nafunga kufuli. Nilipoinuka, wanawake walikuwa wameshaanza kuteremka kutoka juu waliposikia kishindo. Walichana kanga wakaufunga mkono wa Keji kwenye kipande cha ubao. Wawili wakajitwika masanduku yaliyobaki mazima wakapanda nayo, na msaidizi wa zahanati akachanja watoto wachache huko. Wengi walirudi walikotoka bila kitu. Mama mmoja aliniuliza, Ohide akitafsiri, tutarudi lini. Nilimjibu kwamba nitauliza ofisini.

Gari la pili likatuvuta kwa winchi. Fundi wetu, aliyekuwa kwenye gari hilo, akakagua kila kitu pale pale: breki nzima, gia ya mlima imeingia, habu zote mbili zimefungwa. Akaandika. Tuliporudi Juba, meneja akasoma, na kwa kuwa gari halikuwa na kasoro, akaandika chini yake: kosa la dereva. Ohide akasimamishwa kazi mpaka kikao cha nidhamu.

Unayakumbuka maneno hayo. Nilikuwa darasa la sita wakati mnyapara wa shamba la mkonge alipoyaandika juu ya Baba baada ya ajali yake, na lori alilopewa halikuwa na breki tangu Pasaka. Wewe ndiye uliyenisomea ile karatasi kwa sababu mwandiko ulinishinda. Kila nilichoandika tangu hapo, zile makala zilizonifukuzisha kazi, ule mgomo, ugomvi wangu na kila mwenye kiti cha kuzunguka, niliandika dhidi ya karatasi ile. Safari hii walinitaka maelezo nami nikawapa kurasa nne. Nilimshambulia waziri, wafadhili, mkandarasi, wakoloni. Kila sentensi ilikuwa kweli. Habu haikuwamo. Wenzangu kwenye kamati waliisoma wakanipongeza kwa jinsi nilivyomtetea Ohide.

Juzi Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, nilikwenda kwake, mtaa wa Hai Cinema. Nilimkuta uani, ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, anashona kiatu cha shule cha binti yake. Mkewe akanipa kiti na chai ya tangawizi. Nikaanza kwa kumweleza mkakati wetu wa kikao. Akanisikiliza mpaka mwisho huku akivuta uzi. Ndipo nikamwambia.

Hakuinua kichwa. "Nilijua siku hiyo hiyo," akasema. "Nilirudi kuangalia alama za matairi. Ya mbele haikuchimba. Matope ilikuwa imelala tu, kama imepigwa pasi."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Niseme nini? Fundi amekuta zote zimefungwa. Nani ataamini dereva, aache Mwalimu?" Akakata uzi kwa meno. "Halafu nilikuwa nakungoja. Nikasema huyu mtu anaongea kila siku, hii pia ataongea tu."

Mkewe alitutazama sote wawili, akachukua kikombe changu kabla sijamaliza chai.

Nilimwambia nitakwenda kwa meneja Jumatatu. Akaniambia jambo moja tu: nisiandike kurasa nne.

Basi leo Jumatatu nimekwenda. Nimeandika kwamba habu ya kushoto niliiacha wazi mimi, kwamba nilipiga boneti kabla ya kumaliza kazi, na kwamba baada ya ajali niliifunga ili isionekane. Nimeandika pia kwamba Ohide ndiye aliyetuokoa na lile bonde. Meneja alisoma mara mbili akauliza kama nina la kuongeza. Nilikuwa nalo, mengi mno, kuhusu njia ile na mama yule aliyeuliza tutarudi lini. Nikasema sina. Uenyekiti nimeuacha kabla hawajanivua. Kikao ni kesho asubuhi. Ohide amenitumia ujumbe kwamba niingie kabla yake, yeye atasimama mlangoni asikie. Sijui kama ananisamehe, na sijamwomba bado. Naona kwanza arudi kwenye usukani. Keji nimemtembelea. Aliniambia mkono unapona, kisha akageukia ukuta.

Nikifukuzwa, nitakuja. Ondoa mahindi kwenye chumba changu, lakini vitabu viache vilipo.

Nisalimie shemeji, mwambie asipande tena paa akiwa peke yake. Msalimie binti yangu huko anakofundisha, na mama mkwe wako aliyeniombea nilipoondoka. Wale wajukuu wa shangazi wape mikono mmoja mmoja.

Na Baba. Najua ataomba umsomee, kama unavyomsomea zote, na najua kila nikiandika habari za ajali huuliza wamesema nini juu ya dereva. Utakapofika pale nilipopiga magoti kwenye matope, utataka kuruka. Usiruke. Kaa upande wa sikio lake zima, umsomee polepole, kisha uniandikie alichosema. Na kama hakusema kitu, niandikie hivyo.

Ni mimi mdogo wako,
Mwakio